Waacheni Watoto Waende Msituni

Fundisho kwa wakatekumeni wa vijijini





Katika baadhi ya shule za Ituri, mwalimu hamalizi somo la viumbe ndani ya darasa tu. Siku moja huwaambia watoto wachukue daftari na kalamu ya risasi, wafunge chakula chao katika majani, wamfuate msituni. Huko hupima miti kwa kamba, hufukua udongo, huhesabu majani yaliyoanguka, husikiliza ndege, kisha huandika yale waliyoyaona kwa macho yao wenyewe.

Kazi hiyo ni njema. Lakini wazazi wengi wanaikataa, na kati yao wamo watu wanaojitayarisha kupokea ubatizo. Nimeyasikia maneno yao mlangoni pa shule, na tena chini ya mwembe tunapofundishana katekisimu. Maneno hayo ni ya namna tatu.

Wa kwanza husema: "Nimelipa shule ili mtoto asome kitabu. Msitu anaujua, alizaliwa ndani yake."

Wa pili husema: "Msituni kuna pepo. Mtoto akikanyaga mahali pao atarudi na ugonjwa."

Wa tatu husema kwa sauti ya chini, kwa maana anaona haya kidogo: "Nimesikia kwamba aliyewafundisha watoto huko ni Mumbuti. Je, mtoto wangu akae chini mbele ya Mumbuti?"

Haya si maneno madogo. Neno la kwanza lahusu akili tuliyopewa na Mungu. La pili lahusu imani. La tatu lahusu upendo wa jirani. Mtu anayekwenda kubatizwa hawezi kuyabeba maneno hayo begani na kufika nayo mpaka kwenye maji. Basi, tuyatue leo, tuyatazame moja moja.

1. Je, msitu ni kitabu?

Mzazi wa kwanza asema kwamba mtoto wake anaujua msitu. Ni kweli, anaujua kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani: anaiona kila siku, anajua mlango wake, lakini hajui wenye nyumba wanakula nini wala wanaishi namna gani. Mwulize mtoto kwa nini shamba jipya huzaa vizuri mwaka wa kwanza, kisha huchoka upesi. Mwulize maji ya mvua yametoka wapi. Mwulize kwa nini mti wa mbau husimama pamoja na mbau wenzake, hata mtu akatembea muda mrefu bila kuona mti mkubwa wa namna nyingine. Atanyamaza, na baba yake pia atanyamaza.

Tangu zamani walimu wa Kanisa wamefundisha kwamba Mungu ametupa vitabu viwili. Cha kwanza ni Maandiko Matakatifu. Cha pili ni viumbe vyake. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristu wa Roma, aliwakumbusha kwamba uwezo wa Mungu usioonekana hutambulikana kwa njia ya vitu alivyoviumba. Katika Kitabu cha Wafalme tunasoma habari za Solomoni: hekima yake haikuwa ya kuamua mashauri peke yake, bali aliweza kueleza habari za miti, tangu mwerezi wa Lebanoni mpaka mmea mdogo unaoota ukutani, na habari za wanyama, ndege, wadudu na samaki. Naye Bwana wetu Yezu Kristu, alipotaka kufundisha, hakuwafungia wanafunzi wake ndani ya nyumba. Aliwaonyesha ndege wa angani na maua ya kondeni. Aliwaambia watazame mtini unavyochipua, na punje ya haradali inavyokua. Je, angewezaje kusema hivyo kama yeye mwenyewe hakuwa amesimama nje siku nyingi, akitazama?

Kanisa limefuata njia hiyo. Mtakatifu Alberto Mkuu, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Dominiko aliyefariki mwaka 1280, aliandika vitabu juu ya mimea na wanyama. Na mwaka 1941 Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili alimweka awe msimamizi wa wote wanaosoma elimu ya viumbe. Gregor Mendel, padri Mwagustino, alipanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno, akazihesabu kwa miaka mingi kwa uvumilivu mkubwa. Mwaka 1866 yalichapishwa aliyoyavumbua juu ya namna watoto wanavyorithi sura ya wazazi wao, na mpaka leo wanafunzi wa dunia nzima husoma habari zake. Padri huyo hakuona kwamba kuhesabu njegere kunamwondoa katika sala.

Sasa mfahamu watoto wetu wanafanya nini msituni, maana wengine mnadhani wanakwenda kucheza.

Kwanza, mwalimu huchagua mti, huwaonyesha mahali pa kupimia, yaani kimo cha meta 1 na sentimeta 30 kutoka chini. Mtoto mmoja huzungusha kamba, wa pili husoma urefu wa kamba kwa rula, wa tatu huandika. Wakiugawanya urefu huo kwa 3.14 wanapata unene wa mti. Hesabu iliyokuwa mzigo ubaoni sasa imekuwa kitu kinachoshikika. Hivyo ndivyo wanavyofanya wataalamu wakubwa. Katika msitu wa Epulu, katika miaka ya 1990, walitenga viwanja 4 vya hekta 10 kila kimoja, wakapima kila mti wenye unene kuanzia sentimeta 1, wakaupa namba yake. Baada ya miaka kadhaa huupima tena, wapate kujua upi umekua na upi umekufa. Kamba ya mtoto wa kijiji na kipimo cha mtaalamu hufanya kazi moja.

Pili, hufunga mfuko wa plastiki usio na rangi juu ya tawi lenye majani, mahali penye jua. Baada ya saa chache huona matone ya maji ndani ya mfuko. Nani aliyeyatia? Ni majani yenyewe. Mti hunywa maji kwa mizizi, huyapandisha mpaka juu, kisha huyatoa hewani kama pumzi. Na pumzi hiyo ya miti isiyohesabika huwa sehemu ya mawingu yanayotunyeshea. Mtoto aliyeyaona matone yale amefahamu kwamba anayeumaliza msitu anaipunguza mvua ya shamba lake mwenyewe.

Tatu, hupima mraba wa meta 1 kila upande, huondoa majani, hufukua kidogo kidogo. Juu yapo majani mazima. Chini yake yapo majani yaliyotobolewa na wadudu. Chini tena zipo nyuzi nyeupe za kuvu. Kisha udongo mweusi, nao ni mwembamba. Na chini yake udongo mwekundu au wa manjano, usio na nguvu nyingi. Hapo mwalimu huwaeleza siri ya shamba: nguvu ya msitu haikai ndani sana ya ardhi. Inakaa katika miti yenyewe na katika majani yanayoanguka, yanayooza, yanayonyonywa tena na mizizi. Ukikata na kuchoma, majivu huilisha mihogo kwa muda mfupi, kisha mvua huosha kila kitu. Ndilo jibu la swali ambalo baba na mtoto walilinyamazia.

Na habari ya mbau je? Mbegu yake ni nzito. Huanguka karibu na mama yake, na mche wake huvumilia kivuli kizito ambamo mche wa mti mwingine ungekufa kwa kukosa mwanga. Tena mizizi yake huishi pamoja na kuvu zinazoisaidia kupata chakula. Kwa hiyo jamaa ya mbau hukaa pamoja. Miti mingine haina bahati hiyo. Mbegu zao hutaka mchukuzi. Tembo wa msituni humeza matunda, hutembea mbali, huziacha mbegu katika mavi yake, nazo huota huko. Mtoto akijua hayo, ataelewa kwamba mwindaji anayemaliza tembo anaharibu pia miti ambayo bado haijaota.

2. Msitu una Bwana mmoja

Sasa neno la pili, la mzazi anayeogopa pepo. Simcheki. Woga huo ameupokea kwa wazee wake, na usiku wa msituni ni usiku kweli.

Lakini sikilizeni. Siku ya ubatizo padri atawauliza kama mnamkana Shetani, na kama mnamwamini Mungu Baba Mwenyezi, Muumba wa mbingu na dunia. Mtajibu kwa kinywa chenu wenyewe. Je, mtasema ndiyo kanisani, kisha mtaufika ukingo wa msitu na kusema kwamba kutoka hapa mwenye nchi ni mwingine? Kanisa halisemi kwamba pepo wabaya hawapo. Lasema kwamba hawakuumba hata jani moja, wala hawana mti wala jiwe wala kijito. Msitu wote ni mali ya Mungu, tangu mzizi mpaka kilele.

Elimu nayo hutusaidia hapa, kwa maana woga mwingi hukaa juu ya mambo tusiyoyachungulia. Mtu huona kipande cha mti uliooza king'aacho gizani, hukimbia na kusema ameona moto wa wafu. Lakini ziko kuvu zilazo mti uliooza, na baadhi yake hutoa mwanga hafifu usiku. Mtu husikia kilio kikali juu ya miti usiku wa manane, husema ni roho ya mtu aliyeuawa. Lakini yuko mnyama mdogo aitwaye pembere, mwenye ukubwa kama wa sungura, akaaye katika mashimo ya miti, na kilio chake ni kikubwa kuliko mwili wake. Mwalimu akieleza hayo, woga wa mtoto hupungua, na sifa kwa Mungu huongezeka.

Hata hivyo, wapenzi, nataka mwangalie hatari nyingine, kwa maana nimeiona kwa wale waliokwisha kubatizwa. Wazee wetu hawakukata miti ya mahali fulani kwa kuwa waliogopa. Sasa anakuja Mkristu na panga lake, asema: "Mimi siogopi tena," na anakata yote mpaka kisima kinakauka. Je, huo ndio ushindi wa imani? Mtu akiacha woga bila kutia upendo mahali pake, amebaki na panga tu. Katika Kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba Mungu alimweka mtu katika bustani ailime na kuitunza. Mzee wa zamani aliutunza msitu kwa hofu ya mizimu. Mkristu autunze zaidi, kwa sababu ni wa Baba yake.

3. Mwalimu ambaye tunamdharau

Neno la tatu ndilo gumu, nami sitalipita haraka.

Wambuti ni wenyeji wa msitu huu tangu zamani zisizohesabika. Wao wenyewe huuita msitu baba na mama, kwa kuwa unawalisha na kuwafunika. Kutoka katika kamba ya kusa husokota nyuzi za nyavu zao. Kwa majani mapana ya mangongo huezeka nyumba zao. Wanajua mti gani utachanua, nyuki watafuata lini, na asali itakuwa tayari lini. Okapi, mnyama ambaye picha yake ni fahari ya nchi yetu, mwenye miguu ya milia na ulimi mrefu, ndugu wa twiga, aliandikwa na wataalamu wa London kwa mara ya kwanza mwaka 1901. Ulaya yote ilistaajabu. Wambuti hawakustaajabu, walikuwa wakimjua siku zote.

Na sisi wa vijijini tunawatendeaje? Tunawaita "Wambuti wangu," kama vile mtu anavyosema "mbuzi wangu." Wanatulimia, wanatuletea nyama na asali, nasi tunawalipa ndizi chache au pombe. Mtoto wao akija shuleni, wenzake wanacheka nguo yake na kusema ananuka moshi. Akiondoka wakati wa asali kufuata wazazi wake, tunasema: "Mnaona? Hawa hawawezi kusoma."

Safari moja mzee wa Kimbuti aliombwa kuwaongoza watoto wa shule. Asubuhi mwalimu aliwauliza wanafunzi wataje majina ya miti waliyoiona kando ya njia. Darasa zima lilipata miti saba, kisha likaanza kusema "mti tu." Mzee akaenda mbele. Kwa kila shina aligusa ganda, akalikwaruza kwa ncha ya panga, akatazama rangi na utomvu, akanusa, akataja jina, na kazi yake, na mnyama alaye matunda yake. Mwalimu akawaeleza watoto kwamba wataalamu wa mimea nao hutambua miti kwa namna hiyohiyo, kwa ganda, utomvu na harufu, kwa maana majani yako juu mno. Watoto waliandika mpaka kurasa zikajaa. Mmoja aliyekuwa amemwita mzee kwa dharau asubuhi, mchana alikuja na daftari lake, akasema: "Mwalimu, jina hili sikulisikia vizuri."

Jioni mtoto mwingine alirudi nyumbani, akamwuliza baba yake: "Baba, kwa nini yule mzee tunamlipa ndizi zilizooza?" Baba alikasirika. Kesho yake alikuja shuleni akasema safari hizo zikome, kwa maana zinawafundisha watoto kuwahukumu wakubwa wao.

Baba huyo ni mkatekumeni. Simtaji jina, kwa kweli yuko katika kila kijiji. Nilimwambia hivi, nanyi nawaambieni: mtoto hakukuhukumu, amekuuliza swali. Swali hilo Bwana wetu atakuuliza tena siku ya mwisho, atakapojitambulisha na wadogo wote, na kusema kwamba tuliyowatendea wao tulimtendea yeye. Mtume Yakobo naye aliandika kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Mpaka leo baba huyo hajanijibu. Namwombea, naomba nanyi mmwombee, kwa sababu siku ya ubatizo inakaribia, na ubatizo hauwezi kuoshea moyo uliofungwa kwa mkono wa mwenyewe.

Kumbukeni Padri Bernardo Longo, mmisionari aliyefungua misioni ya Nduye, akakaa na kufanya kazi kati ya watu wa msitu huu, Wambuti pamoja na wanavijiji. Aliuawa Mambasa mwezi wa Novemba mwaka 1964, wakati wa uasi. Alitoka mbali, Italia, akawaona Wambuti kuwa watoto wa Mungu. Sisi tunaokaa hatua chache kutoka kwa mioto yao, tutatoa udhuru gani?

4. Kwa nini jambo hili si la kungoja

Mwaka 1992 serikali ilitenga Hifadhi ya Wanyama ya Okapi, yenye ukubwa wa kilometa za mraba 13,700 hivi, karibu sehemu moja ya tano ya msitu wa Ituri. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka mmoja tu baadaye, 1997, iliitia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Vita vilikuwa vimeingia.

Mnajua wenyewe yaliyofuata. Dhahabu inachimbwa, mito inageuka kuwa tope. Miti inageuzwa kuwa mbao na makaa. Watu waliofukuzwa na vita wanatafuta mahali pa kulima, nao hawana kosa, kwa maana mtoto mwenye njaa hangoji. Jumapili, tarehe 24 Juni 2012, sikukuu ya kuzaliwa kwa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, watu wenye silaha walikishambulia kituo cha Epulu. Waliua watu, wakachoma na kupora, na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa hapo wakafa. Okapi hawakuwa na kabila wala chama. Katika Kumbukumbu la Torati Mungu aliwakataza watu wake kukata miti ya matunda ya mji wanaopigana nao, kwa maana mti si adui. Sisi tumesahau hata hilo.

Lakini katika giza hilo ulikuwapo mwanga pia. Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea, mwana wa nchi yetu, alifanya kazi Epulu wakati wa vita. Alipokuwa kijana, jamaa yake waliishi kwa uwindaji usioruhusiwa. Elimu ndiyo iliyomgeuza kuwa mlinzi. Askari walipokuja na wengine wakakimbia, yeye alibaki, akaficha mikusanyo ya majani makavu na maandishi ya kazi ya miaka mingi, kisha akajificha msituni. Mwaka 2005 alipewa Tuzo ya Goldman, ambayo hutolewa kwa watu waliotunza viumbe kwa ushujaa. Mtoto anayezungusha kamba juu ya mti leo, nani ajuaye atakuwa nani kesho?

Tarehe 24 Mei 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliliandikia Kanisa lote barua iitwayo Laudato Si'. Ndani yake aliutaja msitu wa bonde la Kongo pamoja na ule wa Amazonia, kuwa kama mapafu ya dunia. Fikirini: kule Roma, Baba Mtakatifu aliutazama msitu wetu. Je, mtoto wetu akatazwe kuutazama?

5. Twende kwa busara

Shetani alipomwambia Yezu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, Bwana wetu alikataa, kwa maana si halali kumjaribu Mungu. Basi, mwalimu naye asimjaribu Mungu kwa miili ya watoto. Mahali palipo na watu wenye silaha, wasiende. Kabla ya safari aulizwe chifu, waulizwe walinzi, waulizwe wanaotoka njia hiyo asubuhi ileile. Watoto wahesabiwe kwa majina wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Asionje mtu tunda asilolijua, wala asitie mkono katika shimo. Kijito kilichojaa kisivukwe. Wingu likiwa jeusi na upepo ukianza kuvunja matawi, safari iishe.

Na kama njia imefungwa, somo lisife. Hapa Bunia penyewe hatuna msitu mkubwa. Tuna nyanda za majani, mikaratusi na vichaka vya kando ya maji. Lakini mraba wa meta 1 nyuma ya shule ni ukurasa wa kitabu kilekile. Mfuko hufungwa juu ya tawi la mparachichi vilevile. Mtoto apime mti mmoja kila mwaka tangu darasa la kwanza mpaka la sita; akimaliza shule, atakuwa ameandika maisha ya kiumbe kimoja cha Mungu.

6. Maswali ya kujifunza pamoja

Msomaji mmoja asome swali, wengine wajibu.

Swali: Msitu ni wa nani?
Jibu: Ni wa Mungu aliyeuumba. Sisi tumewekwa tuutumie na kuutunza.

Swali: Je, ni dhambi kukata mti?
Jibu: Kukata kwa haja na kwa kiasi si dhambi. Kuharibu kwa tamaa, bila kujali jirani wala watakaozaliwa, ni dhambi.

Swali: Je, elimu ya viumbe huondoa imani?
Jibu: La. Aliyeandika vitabu vyote viwili ni mmoja, wala hajipingi mwenyewe.

Swali: Mkristu afanye nini anapoogopa pepo?
Jibu: Afanye ishara ya msalaba, akumbuke kwamba Muumba ni Baba yake, asitafute hirizi.

Swali: Je, yafaa kujifunza kwa mtu tuliyemdharau?
Jibu: Yafaa, na tena yatupasa kumwomba radhi na kumlipa kwa haki.

Mambo ya kufanya kabla ya kukutana tena

Kila mzazi amwulize mtoto wake ataje miti 10 anayoijua. Wasipofika 10, wakamwulize mzee pamoja. Kila nyumba ipande mti mmoja mahali ulipokatwa mwingine. Na kila mwenye deni kwa Mumbuti alilipe, si kwa pombe, bali kwa kadiri ya kazi iliyofanywa.

Tuombe

Ee Mungu Baba, uliyeupanda msitu wa Ituri kabla hatujaja, tunakushukuru kwa mbau na okapi, kwa nyuki na mvua. Utusamehe tulivyoviharibu. Uwalinde watoto wetu katika njia wanayokwenda, na walimu wanaowaongoza. Utuondolee woga usiotoka kwako, na kiburi kinachotuzuia kumwita ndugu yule uliyemwita mwana. Utupe amani katika nchi yetu, ili watoto waweze kuingia msituni asubuhi na kurudi nyumbani jioni, wakikusifu kwa kazi za mikono yako. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.